Viungo Vyauma, Moyo Ndio Uharibikao

Katika mitaa ya Kigali, kuanzia Biryogo ambako Kiswahili husikika vibarazani hadi Kanombe iliko hospitali ya jeshi, maumivu ya viungo ya kila namna hupewa jina moja. Kwa Kinyarwanda huitwa rubagimpande. Waswahili husema baridi yabisi. Mzee ambaye magoti humuuma kila ateremkapo mlima, mama ambaye vidole havikunjiki alfajiri, sajini aliyeamshwa usiku wa manane na kidole cha mguu, na mtoto wa darasa la tatu anayechechemea, wote huambiwa kuwa wana ugonjwa huo huo, nao wote huchuliwa kwa mafuta yale yale. Kumbe hao ni wagonjwa wanne wa magonjwa manne mbalimbali, na mmoja wao yumo hatarini kuliko wenzake. Aghalabu huyo ndiye ambaye maumivu yake huondoka mapema, na kwa sababu hiyo husahauliwa.

Kazi ya kwanza ya daktari ni kuuliza. Ni kiungo kimoja au vingi? Maumivu huzidi wakati wa kutembea au wakati wa kupumzika? Goti linalouma mtu atembeapo na kutulia akaapo, hasa kwa aliyepita umri wa miaka 50 au aliyewahi kuumia mazoezini, kwa kawaida limelika gegedu, yaani ule utando laini unaozuia mfupa usisagane na mfupa mwenziwe. Goti la namna hiyo husaidiwa kwa kupunguza uzito wa mwili, kuimarisha misuli ya paja na kutumia dawa ya maumivu kwa kiasi.

Sajini naye ana jongo. Ugonjwa huu huja ghafla, mara nyingi usiku, katika shina la kidole gumba cha mguu. Kidole huwa chekundu na cha moto, hata uzito wa shuka hauvumiliki. Chanzo chake ni asidi ya uriki, ambayo ikizidi katika damu hugeuka kuwa chembe kali kama sindano na kutua kiungoni. Bia na nyama huongeza asidi hiyo, na yule ambaye kila mwisho wa wiki hushushia mishikaki ya mbuzi kwa chupa kadhaa hana haja ya kutafuta mchawi. Hata hivyo, walevi na walaji nyama sio peke yao wanaopatwa: dawa za presha zinazoongeza mkojo nazo huweza kuleta jongo, na wengine wameurithi ugonjwa wenyewe. Jambo moja huwapoteza wengi: damu ikipimwa siku ya shambulio, asidi huweza kuonekana ya kawaida. Uthibitisho wa hakika hupatikana daktari avutapo majimaji ya kiungo kwa sindano na kuzitazama chembe zile kwa darubini. Shambulio hutulizwa kwa dawa za kuondoa uvimbe au kolkisini. Anayeshambuliwa mara kwa mara hupewa alopurinoli, ambayo humezwa kila siku hata wakati ambapo hakuna maumivu.

Mama wa vidole vigumu ndiye hasa mwenye baridi yabisi ya kweli. Humpata mwanamke zaidi kuliko mwanamume. Dalili yake ni ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi, na uvimbe wa viungo vidogo vya mikono yote miwili. Ukiachwa, ugonjwa huu hula viungo hadi mikono ikapinda. Dawa yake kuu ni methotrekseti, humezwa mara moja kwa wiki. Neno "wiki" halina budi kusisitizwa, kwa kuwa wako watu duniani waliofariki kwa kuimeza kila siku. Mjamzito haruhusiwi kuitumia kabisa, na anayeitumia hupimwa damu kila baada ya muda.

Badala ya safari ya hospitali, wengi huchagua vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni kwa ushauri wa jirani. Vidonge hivyo hutuliza maumivu kwa siku moja au mbili, na ndiyo sababu vinapendwa. Vikitumiwa kwa miezi bila daktari hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na presha, na mtu akiviacha ghafla huweza kuzimia. Kadhalika, kiungo kimoja kilichovimba kwa ghafla pamoja na homa kali hakipaswi kulala nyumbani. Huenda kina usaha ndani, na usaha huweza kukiharibu kiungo katika siku chache tu.

Sasa yule mtoto anayechechemea. Ugonjwa wake huitwa homa ya baridi yabisi, nao ulianzia kooni. Wiki mbili au tatu kabla, aliumwa koo, ugonjwa ambao Wanyarwanda huuita gapfura. Akapewa maji ya moto yenye asali, akarudi shuleni. Koo hilo lilikuwa limeingiwa na vijidudu viitwavyo streptokoki. Mwili ulitengeneza askari wa kupigana navyo, lakini askari hao wakamkosea adui na kuwageukia raia wao: viungo, moyo, na mara nyingine ubongo. Goti huvimba leo, kesho likapoa na kifundo cha mguu kikashika, keshokutwa kiwiko. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio hasa wanaoshambuliwa. Baada ya wiki chache viungo hupona kabisa, bila kovu wala kilema. Moyoni sivyo. Huko vilango vinavyoruhusu damu kupita, ambavyo madaktari huviita vali, hubaki na makovu, na kila koo jipya lisilotibiwa laweza kuongeza kovu juu ya kovu.

Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari hutumia orodha ya dalili kubwa na ndogo iliyotungwa mwaka 1944 na Dk. T. Duckett Jones wa Marekani, na ambayo katika masahihisho ya mwaka 2015 iliongezewa kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, yaani eko. Hapo mzazi aweza kuvuruga kazi bila kukusudia. Aspirini na ibuprofeni huzima uvimbe kwa haraka mno hata yale maumivu ya kuhamahama yasionekane tena, na daktari akakosa ushahidi. Kwa mtoto mwenye dalili hizo, afadhali parasitamoli mpaka atakapochunguzwa. Kumkata mtoto kilimi, jambo ambalo bado hufanywa na baadhi ya waganga wa kienyeji, hakuondoi streptokoki, bali huongeza jeraha na hatari ya kutokwa na damu nyingi.

Kwamba ugonjwa huu huzuilika ilithibitishwa kambini. Mabweni yenye vijana wengi wanaolala karibu karibu yaliwahi kuwa makao makuu ya streptokoki, na katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliumizwa sana na homa hiyo. Baada ya vita, waganga wakiongozwa na Dk. Charles Rammelkamp walifanya uchunguzi katika kambi ya jeshi la anga ya Warren, jimboni Wyoming. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950. Miongoni mwa askari karibu 800 walioumwa koo na kupewa penisilini, wawili tu walipata homa ya baridi yabisi. Miongoni mwa wengine karibu 800 ambao hawakupewa, walipatwa 17. Hao 17 walilipa gharama kubwa kwa elimu ambayo leo hutolewa bure. Baadaye ilibainika pia kwamba penisilini hukinga hata ikianzwa siku ya tisa tangu koo lianze kuuma, hivyo mzazi aliyechelewa siku mbili tatu hajachelewa.

Rwanda inajua vema bei ya kutozuia. Kwa miaka mingi mtoto ambaye vali zake zilikwisha haribika hakuwa na pa kufanyiwa upasuaji nchini. Mwaka 2007 shirika la Kiitalia la Emergency lilifungua hospitali ya moyo ya Salam mjini Khartoum, Sudan, na watoto wa Rwanda wakapelekwa huko kutibiwa bila malipo. Filamu ya Open Heart, inayohusu watoto wanane miongoni mwao, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2013. Kuanzia mwaka 2008 waganga wa Team Heart kutoka Marekani walikuja kufanya upasuaji huo Kigali kwenyewe, katika Hospitali ya King Faisal. Lakini hata upasuaji ukifaulu, mwenye vali ya chuma humeza warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Na kwa msichana, kila mimba itakuwa jambo la kujadiliwa na daktari kwanza.

Sindano ni nafuu kuliko kisu. Mtoto aliyewahi kupata homa hii hudungwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, mara nyingi hadi apitapo miaka 20, na zaidi ikiwa moyo umekwisha guswa. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa watoto 818 waliokuwa na dalili za awali moyoni bila wenyewe kujihisi wagonjwa. Nusu walidungwa kila wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 katika kundi hilo, na kwa 33 katika kundi ambalo halikudungwa.

Sindano yenyewe huuma. Dawa ni nzito, nayo huingizwa polepole pajani au takoni. Mtoto aonapo kwamba hana maumivu popote, huuliza kwa nini anateswa, na mzazi hukosa jibu. Tatizo huzidi katika familia za askari na polisi, ambazo huhamishwa. Baba akipelekwa Musanze au Huye, godoro na sufuria hufungwa kwanza, na kadi ya sindano hubaki katika droo ya nyumba iliyoachwa. Kadi hiyo hupaswa kusafiri mkononi mwa mama pamoja na kadi ya bima, iwe ya MMI au ya mutuelle, na tarehe ya sindano ijayo iwe imeulizwa kabla ya lori kuondoka. Wakifika, huipeleka kwenye kituo cha afya cha karibu katika wiki ile ile ya kuhamia, hata ikiwa mtoto anacheza mpira uwanjani.