Taa ya injini ikiwaka, pima kwanza kabla ya kununua spea

DALILI ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Kwa mwenye gari la dizeli linalobeba nafaka kwenda Soko la Tandale, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, wingu hilo ni taa ndogo ya njano yenye umbo la injini inayowaka kwenye dashibodi.

Wengi wakiiona taa hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoipuuza kwa kuwa gari bado linatembea. Wapo pia wanaokimbilia maduka ya spea Kariakoo na kununua kifaa walichotajiwa na fundi ambaye hajapima chochote. Makundi yote mawili hupoteza fedha, na wakati mwingine fedha hiyo huzidi faida ya safari yenyewe.

Makala haya yanalenga kumsaidia mkulima na mfanyabiashara mdogo mwenye Hiace, Canter au Fuso ya dizeli kuelewa taa hiyo inasema nini. Tutaangalia zaidi kifaa kimoja kinachosumbua magari mengi ya aina hiyo, yaani vali ya kurudisha moshi, ambayo mafundi huiita EGR.

Vali hii ilitoka wapi?

Injini za dizeli za zamani, kama 3L na 5L zilizokuwa kwenye Hiace nyingi, hazikutegemea sana kompyuta. Fundi mzoefu aliweza kusikiliza mlio, akaangalia rangi ya moshi na kujua tatizo. Injini zilizofuata, kama 1KD na 2KD, zinaendeshwa na kompyuta inayopokea taarifa kutoka kwenye sensa nyingi na kuamua dizeli kiasi gani iingie na kwa wakati gani.

Mabadiliko hayo yana historia yake huko magari yanakotoka. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwaonyesha waandishi wa habari chupa yenye masizi ya magari ya dizeli ili kuonyesha kile wananchi wake walichokuwa wakivuta. Kuanzia Oktoba 1, 2003, Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilipiga marufuku magari ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kilichowekwa.

Watengenezaji wa magari walilazimika kusafisha moshi wa injini zao zaidi na zaidi. Magari yaliyotengenezwa chini ya masharti hayo ndiyo baadaye huuzwa yakiwa yametumika na kushushwa katika bandari yetu. Yanakuja na vifaa vyake vyote, lakini elimu ya kuvitunza haiji nayo.

Inafanyaje kazi?

Vali ya EGR huchukua sehemu ya moshi unaotoka kwenye injini na kuurudisha kwenye njia ya hewa inayoingia. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, hivyo joto la mwako hupungua. Joto likipungua, injini hutoa kiasi kidogo cha oksidi za naitrojeni, ambazo ni hewa chafu inayodhuru mapafu.

Tatizo ni kwamba moshi unaorudi hubeba masizi. Masizi hayo yakikutana na mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini, huganda na kuwa kitu cheusi kizito mfano wa ukoko wa chungu. Siku zinavyokwenda, ukoko huo huibana vali hadi ikashindwa kufunguka au kufunga vizuri.

Vali ikikwama ikiwa wazi, moshi huingia hata pale injini inapohitaji hewa safi. Dalili zake ni moshi mweusi, mngurumo usiotulia gari likiwa limesimama, ulaji mkubwa wa dizeli na gari kukosa nguvu mlimani. Kwa anayepanda Kitonga na shehena ya mpunga au mahindi, hilo si jambo dogo.

Ikikwama ikiwa imefunga, dereva anaweza asihisi chochote. Hata hivyo, kompyuta itaona kuwa moshi haurudi kama inavyotakiwa na itawasha taa.

Ikumbukwe kuwa ukoko huo hujijenga haraka zaidi injini inapofanya kazi ikiwa haijapata joto la kutosha au ikinguruma muda mrefu bila kutembea. Gari linalozunguka safari fupi kati ya Tandale, Manzese na Temeke, na kukaa kwenye foleni ya kushusha mzigo injini ikiwaka, linaweza kuziba mapema kuliko lile linalokwenda Mbeya na kurudi. Kuzima injini wakati wa kushusha magunia ni matengenezo yasiyogharimu hata shilingi moja.

Ubora wa mafuta nao una mchango. Mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya na dizeli. Bado ni busara kununua kituoni, kudai risiti na kukwepa dizeli ya madumu ya pembeni mwa barabara, ambayo inaweza kuwa na maji au uchafu.

Rangi ya taa inasema nini?

Si kila taa ina uzito sawa. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini ikiwaka gari likiwa safarini, egesha mahali salama na uzime injini. Kuendelea kwa kilomita chache tu kunaweza kuua injini nzima.

Taa ya njano yenye umbo la injini inakutaka ukapime. Kama gari halijapoteza nguvu, halitoi mlio mgeni wala moshi mwingi, kwa kawaida linaweza kufika kwa mwendo wa taratibu hadi gereji. Kama limejipunguzia nguvu lenyewe, kompyuta inailinda injini. Usilazimishe kupanda mlima na mzigo.

Taa ya maji kwenye chujio la dizeli isisubiri hata siku moja. Pampu na nozeli za injini zenye kompyuta huharibika upesi zikipitisha maji, na ni miongoni mwa spea za bei kubwa. Machujio mengi yana koki ya kumwagia maji hayo.

Aidha, Toyota nyingi za dizeli zina taa iliyoandikwa T-BELT. Hiyo haimaanishi ubovu. Inakumbusha kuwa muda wa kubadili mkanda wa taiming umefika, kila kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea aina ya injini. Anayeipuuza akakatikiwa na mkanda anaweza kujikuta anafungua injini yote.

Namba zina maana yake

Taa ya njano inapowaka, kompyuta huwa imehifadhi namba ya kosa. Fundi huisoma kwa kuchomeka kifaa kwenye soketi ambayo kwa kawaida iko chini ya dashibodi. Usikubali kuambiwa tu kwamba “EGR imekufa”. Omba namba na uiandike kwenye daftari.

Namba P0401 inamaanisha moshi unaorudi ni mdogo kuliko unaotakiwa. P0402 inamaanisha ni mwingi mno. P0403 inaelekeza kwenye umeme wa vali, ambako kosa linaweza kuwa waya uliokatika au kutafunwa na panya. P0299 inahusu turbo kutofikisha shinikizo la hewa, na P0087 inahusu shinikizo dogo la dizeli.

Hata hivyo, namba inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. P0401 inaweza kutokana na vali, bomba lililoziba, mpira mdogo uliopasuka au sensa chafu. Moshi mweusi nao unaweza kutokana na chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa turbo unaovuja au nozeli mbovu.

Kwa hiyo anza na kilicho rahisi. Kwanza, fundi asome namba. Pili, akague chujio la hewa na mipira yote. Tatu, akague nyaya na soketi ya vali. Nne, aifungue vali na kuiangalia. Ikiwa imejaa masizi, isafishwe kwa dawa maalumu bila kuichovya sehemu yake yenye umeme, na irudishwe na gasketi mpya. Kazi hiyo ifanyike injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tano, namba ifutwe na gari lijaribiwe barabarani, kisha lipimwe tena. Vali mpya inunuliwe tu pale iliyosafishwa inaposhindwa kazi.

Tahadhari kuhusu vifaa vya kupimia. Vile vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu husaidia, lakini baadhi havisomi magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Canter na Fuso nyingi zina umeme wa volti 24, na kifaa kilichotengenezwa kwa volti 12 kinaweza kuungua. Uliza kabla ya kununua.

Tupige hesabu

Tumfikirie mfanyabiashara mwenye Canter anayeleta Tandale magunia 35 ya mahindi ya kilo 100 kutoka soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Viwango vinavyofuata ni vya mfano tu, kila mmoja aweke vyake.

Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 700. Gari zima linakwenda kilomita 7 kwa lita, hivyo linatumia lita 100. Vali ikikwama wazi, likashuka hadi kilomita 6 kwa lita, litatumia karibu lita 117. Kwa dizeli ya shilingi 3,000, lita 17 zilizoongezeka ni shilingi 51,000 kila safari. Kwa safari nne kwa mwezi ni shilingi 204,000.

Sasa tuseme kupima ni shilingi 30,000, kusafisha vali 60,000 na gasketi 20,000. Jumla ni shilingi 110,000. Fedha hiyo inarudi kabla ya safari ya tatu kwisha.

Mwenzake amenunua nozeli nne kwa kukisia, kila moja shilingi 250,000. Ametumia milioni moja, taa bado inawaka na ile lita 17 bado inapotea. Kama ni mtaji wa mkopo, riba nayo inatembea.

Hapo hatujahesabu siku gari linapolala njiani. Posho ya dereva na utingo inaendelea, mteja wa Tandale ananunua kwa mwingine, na bei ya soko haimsubiri mtu. Kwa anayebeba nyanya badala ya mahindi, siku mbili njiani zinaweza kumaliza mtaji wote.

Kuziba vali ni suluhisho?

Baadhi ya mafundi hukata kipande cha bati na kuiziba vali kabisa. Ni kweli kwamba masizi huacha kuingia kwenye njia ya hewa, na kama vali ilikwama wazi gari hupata nguvu. Ndiyo sababu wateja hurudi wakishukuru.

Lakini kompyuta haidanganyiki kirahisi. Taa inaweza kubaki inawaka kwa P0401 na gari likajipunguzia nguvu. Lililo baya zaidi, taa inayowaka muda wote haiwezi tena kukujulisha kosa jipya, liwe la turbo au la dizeli. Unakuwa umejiziba masikio mwenyewe.

Upo pia upande wa afya. Bila vali hiyo injini hutoa oksidi za naitrojeni kwa wingi zaidi, wakati vali iliyokwama wazi huongeza masizi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wa kwanza kuuvuta ni dereva, wapagazi wanaoshusha magunia na mama lishe aliyeweka meza yake hatua chache kutoka hapo.

Ukinunua gari lililotumika

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya njano ya injini inatakiwa ionekane, kisha izime baada ya injini kuwaka. Isipoonekana kabisa, shuku kuwa kuna mtu ameing'oa au kuifunika ili kuficha ubovu. Lipia kupimwa kwa kompyuta kabla ya kulipia gari, kisha lijaribu barabarani na lipimwe tena, kwa kuwa namba iliyofutwa asubuhi inaweza kurudi jioni.

Wafanyabiashara wa soko moja wanaweza pia kushirikiana. Wenye Canter watano wakichangia kifaa kimoja kizuri cha kupimia na kumpatia kijana mmoja mafunzo ya kukitumia, gharama kwa kila mmoja inakuwa ndogo na hakuna atakayenunua spea kwa kubahatisha. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vimezoeleka katika masoko yetu, vinaweza kuanzia hapo.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila safari andika tarehe, kilomita, lita za dizeli na idadi ya magunia. Ukiona lita zinapanda wakati mzigo na njia ni vilevile, peleka gari likapimwe, hata kama taa bado haijawaka.