Mzee aliyekataa kustaafu kujifunza

Simu uliyonayo mfukoni ukiwa ibadani leo, ambayo naamini umeizima, inatumia betri ya lithiamu. Mmoja wa waliowezesha betri hiyo ni John Goodenough, profesa wa uhandisi aliyefariki dunia nchini Marekani Jumapili ya Juni 25, 2023, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu atimize miaka 101.

Wengi tulimsikia mwaka 2019, alipopata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili. Alikuwa na miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipokea akiwa mzee kuliko yeye. Lakini tukumbuke njia aliyopita.

Utotoni kusoma kulimpa taabu kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago kusoma fizikia, na profesa mmoja akamwambia amechelewa. Hakuwa amefika hata miaka 25! Alisoma, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1952. Baadaye, Oxford walimkabidhi maabara ya kemia, ingawa yeye alikuwa mtu wa fizikia. Akajifunza. Ni huko, mwaka 1980, yeye na wenzake walipoonyesha kazi ya mchanganyiko wa lithiamu na kobalti ndani ya betri.

Mwaka 1986, umri wa kustaafu ulipomkaribia Oxford, alihamia Texas akaendelea na kazi. Akiwa na miaka 94 bado alichapisha utafiti wa betri ya aina nyingine, pamoja na mwanafizikia Maria Helena Braga wa Ureno. Alikuwa Mkristo, na mahali pake pa kazi alitundika ukutani picha ya Karamu ya Mwisho.

Habari zake zinanikumbusha 2 Timotheo 4:13. Paulo yuko kifungoni na anajua siku zake zinaisha. Anamwagiza Timotheo amletee joho, na hilo tunalielewa, maana baridi ya gerezani ni kali. Lakini anaagiza na vitabu pia. Vya nini, kwa mtu anayesubiri kufa? Nadhani Paulo hakuona kwamba kukaribia kwenda kwa Bwana ni sababu ya kuacha kujifunza.

Kwetu mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Tunamuaga kwa keki na zawadi, kisha hatumuulizi tena kitu. Naye mwenyewe huanza kusema, "Mzee kama mimi nijifunze nini?"

Nakiri kosa langu. Katika kikundi chetu cha Biblia mzee mmoja aliuliza swali, nami nikamkatisha ili tuwahi kumaliza. Wiki iliyofuata alikuja, akakaa, hakuuliza kitu. Hajauliza tena mpaka leo. Sikumnyima jibu tu. Nilimwambia kwamba wakati wake wa kujifunza umepita.

Wiki hii nitakwenda nyumbani kwake nimuombe radhi, nimuombe pia arudie swali lile. Nawe, ndugu yangu, kama ni mstaafu, fungua kitabu kimoja ulichokiahirisha. Kama ni kijana, kaa na mzee mmoja, umsikilize hadi amalize.

Mungu atupe moyo wa kufundishika hadi mwisho. Jumapili njema.