BAISKELI YA KIKUNDI: TUANZE NA BREKI

Katika ziara zetu vijijini kuna swali ambalo limerudi mara nyingi: "Tukitaka kununua baiskeli ya kikundi, tununue ya namna gani?" Ni swali zuri. Pikipiki zimejaa kila mahali, lakini mafuta ni ya kila siku na mkopo wake umewalemea wengi. Baiskeli hainywi petroli. Inafikisha majani chai kwenye kituo cha kununulia, inapeleka ndizi sokoni Daraja Mbili, na inarudi na mfuko wa mbolea.

Lakini kabla ya kujibu, niwaeleze jambo nililoliona kwa macho yangu.

Kikundi kimoja upande wa Nyamira kilinunua baiskeli kuukuu kwa akiba ya miezi minane. Baada ya muda friwili ya nyuma ikaanza kuteleza: unakanyaga, pedali zinazunguka bure, baiskeli haiendi. Badala ya kununua friwili mpya, walishauriwa ile ya zamani ichomelewe ili isiteleze tena. Ikachomelewa. Siku tatu mambo yalikuwa sawa, na vijana wakaisifu ati sasa ni kama zile za mashindano. Siku ya nne kijana wao alikuwa akishuka na mikungu miwili ya ndizi. Mteremko ulipoongezeka, pedali zikaenda mbio kuliko miguu yake, zikampiga, akaanguka. Alivunjika mfupa wa bega. Breki ya mbele je? Ilikuwa imeondolewa kitambo, raba zake zilipoisha.

Nilikaa katika mkutano uliofuata. Ulianza kwa kuulizana nani atalipa hospitali. Wengine walimlaumu kijana, wengine fundi, wengine mweka hazina. Mimi niliona kwamba hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyejua vizuri kazi ya friwili. Nikaenda kujifunza kwa mafundi, na haya ndiyo niliyopata.

AINA TATU ZA GURUDUMU LA NYUMA

1. Yenye friwili. Hii ndiyo ya kawaida, kama ile Black Mamba tunayoijua sote. Ndani ya friwili kuna makucha madogo yanayosukumwa na springi. Ukikanyaga, makucha yanashika meno na gurudumu linazunguka. Ukiacha kukanyaga, makucha yanaruka juu ya meno, ndiyo ile sauti ya "krrr", na miguu yako inapumzika. Friwili inateleza kwa sababu makucha yamelika, springi imevunjika, au grisi nzito na uchafu vimeyagandisha. Breki hapa ni za mkono tu.

2. Yenye gia iliyofungwa. Hii haina friwili. Gurudumu likizunguka, pedali lazima zizunguke, utake usitake. Hata baiskeli za zamani za Ulaya zilikuwa hivi, mpaka friwili ilipoenea karibu mwaka 1900. Leo aina hii inatumika zaidi katika mashindano ya kiwanjani, kwenye njia ya mviringo iliyojengwa maalum. Japani wana mashindano ya namna hiyo yaitwayo keirin tangu mwaka 1948. Baiskeli zile hazina breki kabisa. Na huko ni sawa: hakuna mteremko, hakuna ng'ombe, hakuna matatu, na wote wanaelekea upande mmoja.

3. Yenye breki ya ndani. Ukirudisha pedali nyuma, breki iliyo ndani ya habu inashika. Baiskeli za Buffalo zilizoletwa Kenya kwa ajili ya mizigo zimetumia mtindo huu. Uzuri wake ni kwamba mvua haiifikii. Ubaya wake ni kwamba mnyororo ukitoka au ukikatika, breki hiyo imekwenda. Kwa hiyo hata baiskeli hii inataka breki ya mbele. Tena ule mkono mdogo wa chuma unaotoka kwenye habu lazima ufungwe kwa bolti kwenye fremu. Bila hivyo breki haishiki.

KWA NINI GIA YA KUFUNGA HAIFAI MILIMANI KWETU

Tufanye hesabu pamoja. Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, na gurudumu la inchi 28. Ukizungusha pedali mara moja, baiskeli inakwenda karibu mita 5.4. Sasa uko kwenye mteremko, mwendo umefika kilomita 45 kwa saa. Kama gia imefungwa, miguu yako inatakiwa kuzunguka karibu mara 140 kwa dakika moja. Hiyo ni zaidi ya mara mbili kila sekunde, na mzigo uko nyuma unasukuma! Mwanariadha aliyezoea anaweza. Kijana aliyevaa ndara hawezi.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani. Friwili imesokotwa kwenye habu kwa nyuzi za kawaida, na unapokanyaga inazidi kujikaza. Baiskeli ya kweli ya kiwanjani ina ringi ya pili yenye nyuzi za kinyume, inayozuia gia isifunguke mtu akikaza miguu kurudi nyuma. Habu zetu hazina ringi hiyo. Ukichomelea friwili kisha ukajaribu kuzuia mwendo kwa miguu, inaweza kujifungua yenyewe. Hapo huna gia na huna breki. Na ukiichomelea pamoja na habu yenyewe, umeharibu habu, na siku ya kubadilisha utanunua gurudumu zima.

Kwa hiyo vijana wetu wanaopenda baiskeli nyepesi ya kufunga, wasikatazwe kupenda. Waiendeshe uwanjani pa tambarare, iwe na habu yake halali na breki ya mbele. Lakini baiskeli ya kubeba mali ya kikundi iwe na friwili nzima au breki ya ndani.

KUNUNUA

Ikiwa ni kuukuu, msiangalie rangi. Rangi ni ya juzi. Fanyeni hivi:

- Angalieni fremu pale bomba zinapokutana, hasa chini ya usukani na pale mhimili wa pedali unapopita. Ufa mdogo kama unywele unatosha kuikataa.

- Pimeni unyoofu wa fremu kwa uzi. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, upitishe mbele ya bomba la usukani, urudi hadi upande wa pili. Pima nafasi kutoka uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana, iliwahi kuanguka vibaya.

- Simama kando, bana breki ya mbele kisha sukuma baiskeli mbele. Igome kabisa. Fanya hivyo kwa breki ya nyuma pia.

- Shika pedali ya kulia na ya kushoto, uzitikise. Zikicheza pamoja, gololi za katikati zimelegea au zimelika. Ukicheza mkono mmoja tu, kotapini yake ndiyo imelika.

- Ulizeni risiti, na mwandike namba iliyogongwa kwenye fremu. Muuzaji asiye na risiti aandike mapatano mbele ya naibu wa chifu. Kununua kitu cha wizi kunaweza kukivunja kikundi kuliko hata ajali.

KUUNGA YENU WENYEWE

Vikundi vingine vinaona heri kununua fremu nzuri na kuiunga polepole. Inawezekana, na faida yake ni kwamba mnachagua vifaa vinavyofaa mlima. Lakini mpangilio wa kutumia pesa uwe huu: fremu na foku, kisha magurudumu na breki, kisha mnyororo na gia, kisha karia. Madigadi na mapambo yaje mwisho.

Kwa milima kama ya Manga au njia za kwenda Kiabonyoru, badilisheni gia ya nyuma. Mkiondoa ya meno 18 mkaweka ya meno 22, kila mzunguko wa pedali utawapeleka mita 4.4 badala ya 5.4. Mtakwenda polepole, lakini nguvu ya kukanyaga inapungua karibu sehemu moja ya tano. Mnyororo utataka kuongezwa inchi moja hivi, au gurudumu kusogezwa mbele kidogo.

Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo. Black Mamba za kawaida huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na hiyo ndiyo sababu. Msikubali gurudumu la nyuma lenye spoku pungufu.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Kuifungua unazungusha spana kama mtu anayekaza. Wengi wameharibu mkono mzima wa pedali kwa kulazimisha.

KUTENGENEZA: KAZI ZA KILA WIKI

Breki. Raba ya breki ikibaki unene wa milimita tatu, nunueni nyingine. Msingoje chuma kianze kukwaruza rimu. Kumbukeni kwamba kwetu mvua hainyeshi msimu mmoja tu, na rimu ya chuma ikiwa na maji breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Dereva abane breki kidogo kidogo kabla ya mteremko, ili maji yafutike. Na ajue kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama inaongezeka mara nne. Mteremko mkali wenye tope ni wa kushuka kwa miguu, baiskeli mkononi. Hiyo si aibu.

Spoku. Gonga kila spoku kwa kidole, kama mzee anavyojaribu nyuzi za obokano. Inayolia "dup" imelegea. Geuza gurudumu na uangalie rimu kwenye raba za breki. Ikiegemea kulia, kaza spoku za kushoto mahali hapo robo mzunguko na legeza za kulia robo. Angalia tena. Usikaze mara moja nyingi, rimu itageuka kuwa kama nane.

Mnyororo. Hesabu viungo 24 ukiwa umenyoosha mnyororo. Kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, mnyororo umechoka, na ukiuacha utakula meno ya gia pia. Ufutwe kwa kitambaa kwanza, kisha utiwe mafuta mepesi. Kumwaga oili chafu ya gari juu ya vumbi ni kutengeneza msasa.

Friwili. Ikianza kuteleza, ioshwe kwa mafuta ya taa, ikauke, itiwe mafuta mepesi, si grisi. Ikiendelea kuteleza, inunuliwe mpya. Narudia: isichomelewe.

Pancha. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi. Mwiba ulioleta pancha ya kwanza mara nyingi bado upo, unangoja ya pili.

BAISKELI NI YA WOTE, KWA HIYO NANI?

Ndugu, mali ya wengi hufa kwa kukosa mwenyewe. Neno "baiskeli ya kikundi" siku za Busia, boda boda ilipoanza miaka ya 1960, lingechekesha, kwa maana kila mtu alijua riziki yake iko kwenye mnyororo wake mwenyewe na aliutunza. Sisi inatubidi tuandike kile ambacho yeye alikijua bila kuandika. Napendekeza kanuni nne:

1. Mtu mmoja achaguliwe kuwa mtunzaji, mwanamke au kijana, na afundishwe na fundi kwa siku kadhaa.

2. Kila anayeitumia alipe kidogo, na pesa hizo ziwekwe mfuko wa vipuri, mbali na meri-go-raundi.

3. Kuwe na daftari: nani ameichukua, amerudisha saa ngapi, ameona kasoro gani.

4. Breki moja ikiharibika, baiskeli inalala. Hata kama ni siku ya soko. Hata kama ni mwenyekiti anayeitaka.

Kile kikundi cha Nyamira hakikuvunjika. Baada ya mikutano mitatu ya maneno makali, walikubaliana kulipa hospitali kutoka kwa mfuko wa wote, kwa sababu wote walikuwa wameiona ile baiskeli haina breki na hakuna aliyesema. Kijana amepona, ingawa bega lake linamuuma wakati wa baridi. Yeye ndiye mtunzaji sasa. Nilipowatembelea nilitaka kuazima baiskeli nifike njia kuu, akanikatalia kwa heshima: "Dada, leo imelala. Raba ya mbele imeisha." Nikatembea kwa miguu, na moyo wangu ulifurahi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni mali gani ya kikundi chetu ambayo sote tunajua ina kasoro, lakini hakuna aliyesema?

2. Mwanachama akiumia akifanya kazi ya kikundi, tumekubaliana nini? Imeandikwa wapi?

3. Ni nani kati yetu anaweza kufundishwa ufundi wa baiskeli, ili pesa zibaki kijijini?

Mungu awalinde njiani.