Jumla ya Kilo Inapokwama Kwenye Kompyuta

Wakulima wengi wa chai, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek, huwalipa wachumaji kwa kilo. Baadhi yao wameihamisha hesabu hiyo kutoka daftarini hadi kwenye lahajedwali ya Excel: majina upande wa kushoto, kilo za kila siku katikati, kisha fomula ya kujumlisha na kuzidisha kwa bei. Kazi ya jioni nzima huisha kwa dakika chache. Shida huja fomula inapoacha kupiga hesabu bila kutoa ishara ya kosa.

Tuseme karani anafungua faili ya juma lililopita na kuandika kilo mpya juu ya zile za zamani, lakini jumla inabaki ileile. Kwa kuwa tarakimu ipo, hakuna anayeshtuka. Aliyechuma zaidi anapunjwa, na aliyeugua siku mbili analipwa kana kwamba alikuwa shambani.

Mara nyingi kinachosababisha hali hii ni Excel kuwekwa isubiri amri kabla ya kukokotoa. Wenye faili kubwa huiweka hivyo makusudi ili kompyuta isiwe nzito. Hali hiyo huhifadhiwa pamoja na faili, na faili inayofunguliwa kwanza ndiyo huamua mwendo wa zote zitakazofuata hadi Excel ifungwe. Ndiyo maana faili iliyokuwa sawa jana inaweza kukwama leo, hasa kwenye kompyuta ya saiba inayotumiwa na watu wengi. Karani akiihifadhi ikiwa hivyo, anaondoka na tatizo kwenye flashi yake.

Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha F9, na jumla zitabadilika papo hapo. Ili tatizo lisirudi, afungue menyu ya “Formulas”, aingie “Calculation Options”, achague “Automatic”, kisha aihifadhi faili. Neno “Calculate” likionekana chini ya skrini upande wa kushoto, kuna hesabu ambayo bado haijapigwa.

F9 isipobadilisha kitu, zitazamwe kilo zenyewe. Mchumaji aliyepata kilo 42, 38, 45, 40, 35 na 50 ana jumla ya 250. Lakini kama ile ya mwisho imeandikwa “50 kg”, Excel huiona kuwa maneno, na fomula ya SUM huiruka. Jumla inakuwa 200. Kwa shilingi 10 kwa kilo, mchumaji huyo amepoteza shilingi 500 kwa sababu ya herufi mbili. Herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri huleta hasara hiyohiyo, nayo ni ngumu zaidi kuiona. Kwa kawaida nambari hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maneno upande wa kushoto, kwa hiyo kilo iliyoegemea kushoto ishukiwe. Neno “kilo” liandikwe mara moja tu, juu ya safu.

Wakati mwingine fomula yenyewe ndiyo huonekana kisandukuni badala ya jibu. Hapo kisanduku kimepangwa kama maandishi: kibadilishwe kiwe “General”, kisha ibonyezwe F2 na Enter.

Kuna pia mchumaji mpya anayeandikwa chini kabisa ya orodha. Fomula inayojumlisha mstari wa 2 hadi wa 31 huenda isiufikie mstari wa 32. Ni salama zaidi kuingiza mstari wake katikati ya orodha, kwani fomula hujipanua yenyewe.

Kabla ya malipo, kilo moja ya mchumaji yeyote ibadilishwe kwa majaribio ili kuona kama jumla inasogea, kisha irudishwe ilivyokuwa. Jumla ya siku ilinganishwe na stakabadhi ya mizani ya kituo cha kununulia majani. Zikitofautiana sana, malipo yangoje hadi kosa lipatikane.