Wapigaji wa Muziki katika Ngome Kongwe ya Unguja

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Februari, mji wa Unguja hupokea wageni wa namna nyingi. Wengine huja kwa ndege, wengine kwa boti kutoka Dar es Salaam, na wengine ni wenyeji wa mashamba ambao huingia mjini kwa daladala jioni, wamevaa kanzu na kanga zao nzuri. Wote huelekea mahali pamoja, nayo ni Ngome Kongwe iliyo ukingoni mwa bahari karibu na Forodhani. Humo ndimo linamofanywa Tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004 na sasa limejulikana Afrika nzima.

Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno, mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa lao. Kuta zake ni nene mno. Mahali palipojengwa ili watu wasiingie, leo watu hupanga safu ili waingie, na badala ya mizinga kuna ngoma, magitaa na vinanda.

Mambo hayaanzi ngomeni, bali njiani. Siku ya kwanza hufanywa maandamano makubwa yapitayo mitaa ya mji mpaka Forodhani. Hapo ndipo mtu aonapo kwa macho yake maana ya kusema kwamba watu wa kila namna wamekutana. Mbele au nyuma, wakati wowote, utaisikia beni ya Mbwa Kachoka kabla ya kuiona: matarumbeta, ngoma kubwa, na wachezaji wanaofanya mzaha kwa mavazi na mwendo. Msomaji wa Kenya asidhani kwamba beni ni jambo la Unguja peke yake. Mchezo huo ulizaliwa katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kuwaiga askari wa kizungu na bendi zao, nusu kwa kuwasifu na nusu kwa kuwacheka. Askari wale wamekwenda zao zamani, lakini kicheko kimebaki, na watoto wa mji wangali wakiifuata beni hiyo njia nzima.

Jua likishuka, kazi huanza ndani. Na hapa yafaa ielezwe kanuni moja ya tamasha hili ambayo imewatoa jasho wasanii wengi: kila anayepanda jukwaani lazima apige na kuimba kweli kweli. Hairuhusiwi kusimama mbele ya watu na kuchezesha midomo huku sauti iliyonakiliwa zamani ikitoka katika mashine. Kwa wazee wa taarabu kanuni hiyo si kitu, maana hawakujua namna nyingine. Lakini kwa vijana wa muziki mpya wa mjini ilikuwa mtihani. Wengi wao walikuwa na majina makubwa redioni, ila hawakuwa na bendi. Iliwabidi kutafuta wapigaji, kukaa nao kwa majuma mengi, na kujifunza kwamba mpiga ngoma akikosea hakuna kitufe cha kumsahihisha. Baadhi walishindwa. Waliofaulu wamekuwa wanamuziki bora zaidi, na jambo hilo pekee latosha kuwapa sifa waliotunga sheria hiyo.

Mpigaji wa kanuni ndiye ambaye watu wa mashamba hupenda kumtazama. Huketi kimya, chombo chake kikiwa mapajani au juu ya meza ndogo, na katika vidole vyake vya shahada amevaa pete zenye vijiti vya kukwanyulia. Nyuzi zake ni nyingi, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na pembeni kuna vyuma vidogo anavyoviinua na kuvishusha ili sauti ipande au ishuke kwa kiasi kidogo kuliko kile cha kinanda cha kizungu. Hewa ya bahari na joto la taa huzilegeza nyuzi hizo kila mara. Basi usishangae umwonapo mzee huyo akikaza nyuzi zake saa nzima kabla ya kuitwa, wala hataki mtu amsemeshe.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, na kwa njia hiyo muziki wa Misri ukatia mizizi Unguja. Chama cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na kile cha Culture mwaka 1958. Vyama hivi viwili vimekuwa kama miti ya kale katika shamba: matunda yake huliwa na watu ambao hawakuwaona waliopanda. Wapigaji wa chama huwa wengi, fidla, akordiani, udi, nai, besi na ngoma ndogo za dumbaki, na nyuma yao waitikiaji. Mwimbaji akifika penye shairi lililomgusa mtu moyoni, mtu huyo huondoka kitini, akaenda polepole mpaka jukwaani kwa madaha, akamtunza fedha mbele ya wote. Wageni wa Ulaya mwanzoni hudhani kwamba ni deni linalolipwa. Pengine si mbali sana na kweli.

Hakuna aliyetunzwa na kupendwa katika ngome ile kuliko Bi Kidude. Jina lake hasa lilikuwa Fatuma binti Baraka, na hakuna aliyejua umri wake kwa hakika, hata yeye mwenyewe. Alikuwa bingwa wa ngoma za unyago, aliyewafunza wasichana mambo ya utu uzima, na tena mwimbaji wa nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa pwani yetu kutia sauti yake katika santuri, huko Bombay mwaka 1928. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo kubwa ya WOMEX huko Ulaya. Lakini aliporudi nyumbani alikuwa yule yule, ngoma kiunoni, sigara mkononi, akisema atakalo. Wazee wengine hawakupendezwa na sigara ile. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na mji mzima ulimsindikiza.

Kando ya taarabu husikika mengi mengine. Kuna kidumbaki, ambacho ni kama mdogo wake taarabu, mtundu na mwepesi wa miguu: fidla moja, vingoma viwili vidogo, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku, fimbo na kamba. Kuna mchiriku wa vitongoji vya Dar es Salaam, ambao kundi la Jagwa Music huupiga kwa kinanda kidogo cha umeme cha bei nafuu pamoja na ngoma nyingi, kwa kasi inayotisha. Kutoka Nairobi wamekuja Sarabi, vijana wenye nyimbo za kuwakemea wakubwa. Nneka wa Nijeria alikuja 2012, Cheikh Lô wa Senegali 2013, Sampa the Great wa Zambia 2022. Wengi wa hawa hawana lugha moja. Hata hivyo kumekuwa na desturi ya kuwakutanisha wasanii wa nchi mbalimbali siku chache kabla, wafanye mazoezi pamoja, kisha wapande jukwaani na kile walichokitunga. Mara nyingine hufana sana. Mara nyingine ni dhahiri kwamba siku zilikuwa chache.

Lakini mambo haya yote huliwa na gharama. Mwenye kutunza daftari ataelewa mara moja: nauli za wasanii kutoka nchi za mbali, malazi, mafundi wa sauti, mitambo, umeme. Wenyeji hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni, na ni haki iwe hivyo, kwani tamasha lisiloingiwa na wenye mji ni duka la watalii tu. Ila kwa sababu hiyo tiketi peke yake hazitoshi, na tamasha limetegemea wafadhili, Ubalozi wa Norway ukiwa miongoni mwa wakubwa wao kwa miaka mingi. Mwaka 2016 fedha hazikupatikana, na Februari ikapita Ngome ikiwa kimya. Wenye nyumba za wageni walihesabu hasara yao, na wauza pweza wa Forodhani vile vile. Tamasha lilirudi 2017. Katika mwaka 2021, wakati wa maradhi ya Korona, lilifanywa kwa siku mbili tu, likiwa dogo, lakini lilifanywa.

Taabu hiyo hiyo imekigusa chuo cha muziki cha Unguja, kinachoitwa Dhow Countries Music Academy, ambacho tangu mwanzo wa karne hii kimewafundisha vijana udi, kanuni, fidla na ngoma. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Ni jambo zito, maana zamani kijana alijifunza kwa kukaa miaka mingi nyuma ya mzee katika chama, na wazee hao wanapungua. Hodari wengi wanaoonekana ngomeni siku hizi wamepita katika chuo hicho, na miongoni mwao ni wasichana, ambao bibi zao waliruhusiwa kuimba lakini udi na kanuni vilikuwa vya wanaume.

Msichana wa namna hiyo apandapo jukwaani, akaketi, akaweka udi mapajani na kuanza kukaza nyuzi, akina mama walio kwenye ngazi za mawe huacha mazungumzo yao. Hawapigi makofi bado. Wanasikiliza kwanza.