Mtoto Mwenye Selimundu Ajue Kujitunza Kabla ya Kwenda Bodingi

Katika vikundi vyetu wako wazazi walio na watoto wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Hapa Kenya unaonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Hauambukizi, wala si kurogwa. Mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili.

Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, hujipinda kama mundu. Zikijipinda huziba mishipa midogo, na maumivu makali huanza. Baridi, kiu, uchovu na homa huleta hali hii.

Nyumbani, mama ndiye hukumbuka dawa, maji na sweta. Lakini mtoto akienda bodingi, mama hubaki nyumbani! Homa si ya kungoja asubuhi. Wengu wake umeharibika, kwa hiyo viini huenea upesi mwilini, na anaweza kufa. Basi tuanze kumfundisha mapema, kidogo kidogo.

1. Akifika miaka kumi hivi, mweleze ugonjwa wake kwa jina. Usimfiche.

2. Ahesabu na kumeza dawa zake mwenyewe kila siku: foliki, ya kuzuia malaria, na nyingine alizoandikiwa. Wewe mwangalie tu.

3. Kliniki, yeye ndiye amjibu daktari. Wewe ongeza alichosahau.

4. Akibalehe, mwache azungumze na daktari peke yake kidogo. Vijana hawa mara nyingi huchelewa kubalehe, na huogopa kuuliza. Tena mvulana anaweza kusimama uume kwa maumivu bila kutaka. Aibu humfanya anyamaze. Ikipita saa nne hivi bila kutulia, ni hatari, akimbizwe hospitali.

5. Ajue kwa moyo dalili za kwenda hospitali mara moja: homa, kifua kuuma au kupumua kwa shida, kukwajuka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, mkono au mguu kulegea, na maumivu yasiyotulizwa na dawa.

Kikundi nacho kina kazi. Mzazi mmoja akienda shuleni peke yake, huenda asisikilizwe. Nendeni wawili watatu, mkiwa na barua ya kliniki. Mwombeni mwalimu mkuu na matroni wamruhusu kijana kuwa na chupa ya maji darasani, kutoka kwenda haja, kuvaa sweta, kuoga maji ya moto, na kulala ndani ya neti. Asilazimishwe kukimbia hadi achoke kabisa. Na akisema "naumwa", asiambiwe ni uvivu.

Wekeni pia akiba ndogo ya nauli ya kliniki na ya dharura. Mgonjwa hangojei siku ya mavuno.

Mkikutana tena, kila mzazi mwenye kijana kama huyu aulizwe: je, leo usiku akishikwa na homa mbali na nyumbani, anajua la kufanya? Kama hajui, kazi ianze wiki hii.