Point Lenana Haipandwi kwa Haraka: Anza Kupanga Pesa na Mwili Wiki 12 Mapema

Tuseme ukweli: wengi wetu tunaamua kupanda Mlima Kenya siku moja kwenye grupu ya WhatsApp. Mtu anatuma picha, mwingine anasema “twende”, na baada ya wiki mbili mko kwenye matatu ya Nanyuki na viatu vya kuazima.

Hivyo ndivyo nilivyoenda mara ya kwanza. Tulikuwa watano. Mwongozaji alitupa mipango miwili: kulala mlimani mara tatu, au kulala mara mbili. Ule wa mara mbili ulikuwa rahisi mfukoni. Hatukujadili sana, tukauchagua.

Usiku wa pili, tukiwa kambi ya Shipton's, mmoja wetu alianza kuumwa na kichwa. Huyu ndiye aliyekuwa na mwili wa mazoezi kuliko sisi sote, mtu wa kukimbia kilomita kumi kila Jumamosi. Kufika saa saba usiku alikuwa anatapika na anayumba akisimama. Sisi tulikuwa bado tunauliza kama akipumzika kidogo tutaendelea. Mwongozaji alimwangalia mara moja tu, akasema: “Vijana, mlima hautahama. Tunashuka sasa hivi.”

Tulishuka. Lenana hatukuiona. Tuliokoa pesa za siku moja, tukapoteza safari nzima. Nilirudi mwaka uliofuata nikiwa nimejipanga, nikafika. Haya ndiyo niliyojifunza katikati ya safari hizo mbili.

Kwanza, ujue unakoenda

Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyotajwa sana. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya watu wa kamba na vifaa vya kupanda miamba. Point Lenana, mita 4,985, ndicho kilele ambacho mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kukifikia kwa miguu yake.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Sirimon inaanzia upande wa barabara ya Nanyuki kwenda Meru, na inapanda polepole kuliko nyingine. Naro Moru ni fupi, lakini ina mwinuko mkali na sehemu ya matope ambayo itakuchosha. Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo inayosifiwa zaidi kwa mandhari, ila ni ndefu.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Ukitaka kupanda Agosti, basi akiba na mazoezi yaanze Mei.

Kwa nini mkimbiaji ndiye aliyeugua?

Ukipanda juu, hewa inakuwa hafifu. Kule Lenana, kila pumzi inakupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile unayopata ukiwa Mombasa. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unahitaji muda. Mazoezi yanakupa miguu na pumzi. Hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Tena mtu mwenye nguvu yuko hatarini kwa namna yake, kwa sababu anapanda haraka na anaona haya kusema anaumwa.

Wataalamu wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa angalia njia ya Sirimon: Old Moses iko mita 3,300, na Shipton's iko karibu mita 4,200. Hiyo ni mita 900 kati ya usiku mmoja na mwingine. Kwa hivyo ile siku ya ziada tuliyoikata ndiyo ingekuwa dawa yetu. Unaitumia kutembea juu kidogo mchana, kisha unarudi kulala chini.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Zikianza, usipande zaidi. Zikizidi, au mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, shuka mara moja, hata kama ni usiku. Kama una presha, pumu, ugonjwa wa moyo au ni mjamzito, muone daktari kabla hujalipa chochote. Dawa za kuzuia ugonjwa huu zipo, lakini akuandikie yeye.

Mpango wa pesa

Andika gharama zako zote mapema, hata zile ndogo:

1. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na gari la kukufikisha getini.
2. Ada ya kuingia mbugani.
3. Mwongozaji, wapagazi na mpishi.
4. Chakula na mahali pa kulala, kwa idadi kamili ya siku.
5. Vifaa vya kukodisha: begi la kulalia, koti la mvua, buti, tochi ya kichwani.
6. Siku moja ya ziada.
7. Pesa za dharura.

Namba sita na saba ndizo watu hufuta kwanza bajeti ikibana. Futa kitu kingine. Kama hazitoshi, ahirisha safari mwezi mmoja.

Chukua mfano wa hesabu tu (bei halisi utapewa na mwongozaji wako). Tuseme jumla yako ni shilingi 36,000. Ukigawa kwa wiki 12, ni shilingi 3,000 kwa wiki, au kama 430 kwa siku. Kusikia 36,000 kunaogopesha, lakini 430 unaweza kuipanga. Fungua akiba yenye lengo kwenye simu yako, uipe jina la safari, na uweke pesa siku ile ile unapolipwa. Ukingoja zibaki, hazitabaki. Kama unaweza kufunga akiba hadi tarehe fulani, funga, kwa sababu kufikia wiki ya tano kutakuwa na harusi, harambee na ofa ya viatu.

Jambo moja zaidi: usipande mlima kwa mkopo wa simu. Mtu aliyelipia safari kwa deni huona ugumu kugeuka nyuma, maana anahisi pesa itakuwa imepotea. Kule juu, uhuru wa kusema “nashuka” ni sehemu ya usalama wako.

Lipa kwa akili

Safari za kikundi zinatangazwa sana mitandaoni, na matapeli wanajua hivyo. Kabla hujatuma chochote:

- Uliza kama kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA), na mwongozaji akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi.
- Lipa kwa till au paybill yenye jina la kampuni. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi “kwa sababu till ina shida leo”, subiri hiyo shida iishe.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kama halifanani na uliloambiwa, simama hapo.
- Toa malipo ya kuweka nafasi kwanza. Pesa nyingine zifuate mkishaandikiana kilichomo: siku ngapi, chakula, wapagazi, na nani anagharamia kama mmoja atashuka mapema.
- Ada ya mbuga ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) inalipwa kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu getini. Ilipe mwenyewe ikiwezekana, au udai risiti. Angalia kiwango wiki ile ile unayosafiri.
- Usifute ujumbe wa malipo hadi urudi nyumbani.

Wiki 12 za mwili

Huhitaji gym. Unahitaji ngazi, begi na Jumamosi.

*Wiki ya 1 hadi 4.* Tembea haraka dakika 45, mara tatu kwa wiki. Shuka kwenye matatu stage mbili kabla ya yako. Siku mbili nyingine, panda ngazi za jengo lenu kwa dakika 15. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka mara 15, raundi tatu.

*Wiki ya 5 hadi 8.* Kila Jumamosi, tembea saa tatu hadi nne ukiwa na begi. Weka ndani pakiti mbili za unga za kilo mbili na chupa ya maji ya lita moja. Hizo ni kilo tano. Anza kuvaa buti utakazopanda nazo. Buti mpya mlimani ni malengelenge ya uhakika.

*Wiki ya 9 hadi 11.* Sasa tafuta mwinuko. Walio karibu na Nairobi wana Ngong Hills na Mlima Longonot, ambao ukizunguka ukingo wa kreta unapata kupanda na kushuka kwa kutosha. Jaribu kutembea Jumamosi na Jumapili mfululizo, ili mwili ujue kuamka ukiwa umechoka. Fanya mazoezi ya kushuka pia. Magoti huumia zaidi wakati wa kurudi.

*Wiki ya 12.* Pumzika. Tembea kidogo, kunywa maji, lala vizuri.

Kipimo ni rahisi: kama unaweza kupanda huku ukiongea sentensi nzima, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa kuongea, unaenda mbio. Huo ndio mwendo utakaoutumia hadi Lenana.

Simu yako mlimani

Tulipomfikisha mwenzetu Old Moses asubuhi, kichwa kilikuwa kimeanza kutulia. Hapo ndipo tatizo la pili lilipoanza. Gari la kutushusha hadi Nanyuki lilihitaji kulipwa. Simu yangu, iliyokuwa na chaji nusu nikilala, ilikuwa imezima kwa baridi. Mwingine alikuwa na shilingi 340. Nilimpigia dada yangu kwa simu ya mpagazi, akamlipa dereva moja kwa moja akiwa Nakuru. Bila yeye sijui tungesemaje.

Kwa hivyo:

- Acha pesa za dharura kwenye laini yako, mbali na akiba iliyofungwa. Kwenye ile bajeti ya 36,000, weka kama 5,400.
- Watu wawili kwenye kikundi wawe na pesa hizo, kwenye simu tofauti.
- Lala na simu ndani ya begi la kulalia, na ubebe pawabenki. Baridi humaliza betri.
- Mtandao unapatikana sehemu fulani tu. Maliza malipo yote makubwa ukiwa bado Nanyuki.
- Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako, namba ya mwongozaji na siku unayotarajiwa kurudi. Usimwachie PIN.
- Beba noti chache ndogo, kwa chai na kwa wakati ambapo hakuna mtandao.

Mara ya pili tulilala mlimani mara nne. Mkimbiaji wetu alikuja tena, safari hii akitembea nyuma kabisa, polepole kama mzee anayetoka sokoni. Tulifika Lenana jua likichomoza, yeye akiwa wa mwisho na bila kuumwa na kichwa.

Kama Agosti iko kwenye mawazo yako, fungua akiba yako leo na uweke hata shilingi 430 za kwanza. Halafu shuka stage mbili mapema, utembee hadi nyumbani.